Umeanza mafundisho parokia hii, kodi imeisha unahamia kule: unaanza upya?

Jumatano usiku kama saa 3 hivi dada mmoja tunayesali naye jumuiya alinipigia simu, hata salamu hakumaliza. Kaka, mwenye nyumba kauza nyumba, ametupa mwezi mmoja, dalali kanipatia chumba na sebule Chanika na kodi ya miezi sita nimeshatoa. Nikampa pole, nikamuuliza watoto shule itakuwaje, tukaongea ongea hayo mambo ya kuhama. Afu akanyamaza kidogo, akauliza kwa sauti ya chini, "Sasa na mafundisho yangu je? Ndo basi tena?"

Yuko mwaka wa pili wa mafundisho. Pasaka ijayo ndo anatarajia kubatizwa.

Hilo swali nalijua vizuri kwa sababu na mimi niliwahi kuliuliza, tena nimesimama mbele ya meza ya ofisi ya parokia, na jibu nililopewa siku ile halikuwa sahihi. Kwa hiyo nimeona niandike kirefu, maana hapa Dar watu wazima wengi wanaoingia Ukatoliki ni wapangaji kama sisi. Kodi ni miezi sita, mwenye uwezo mwaka. Ukatekumeni, yaani kipindi cha kumwandaa mtu kubatizwa, sehemu nyingi ni mwaka na zaidi, kwingine miaka miwili. Piga hesabu mwenyewe, kabla hujayafikia maji ya ubatizo mkataba wa nyumba utakuwa umeisha mara mbili au tatu, na kila ukiisha unaweza kujikuta unahama, na kuhama kwa hapa mjini si kuvuka barabara, ni kutoka Tabata unaibukia Kigamboni.

Kabla ya yote jiulize wewe ni nani mbele ya Kanisa, maana hapo ndo mkanganyiko mwingi unapoanzia. Sisi mtaani tunasema tu "amebadili dini, kaingia RC," kana kwamba wote wanapita mlango mmoja. Si kweli. Mtu ambaye hajabatizwa kabisa, awe alikuwa Mwislamu, awe alifuata mila za kwao, au awe hakuwa na dini yoyote, huyo ndo mkatekumeni kamili, safari yake inaishia kwenye ubatizo. Ila mtu aliyetoka KKKT, Anglikana au Moraviani na alibatizwa huko kwa maji na kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu, huyo amebatizwa tayari na Kanisa Katoliki linautambua ubatizo wake. Habatizwi tena. Anafundishwa, anaungama, anakiri imani, anapokelewa katika ushirika kamili, anapewa Kipaimara na Ekaristi. Na si lazima asubiri Mkesha wa Pasaka, anaweza kupokelewa wakati mwingine wa mwaka paroko, yaani padre mkuu wa parokia, akiona yuko tayari.

Unaona hata neno lenyewe "kupokelewa" linachanganya, maana mkatekumeni anapokelewa kwenye ukatekumeni mwanzoni mwa safari, na Mlutheri anapokelewa mwishoni. Watu wawili wanasema "nimeshapokelewa" na wanamaanisha vitu tofauti kabisa, na katekista (mwalimu wa mafundisho) mgeni asipouliza vizuri anakuweka kundi lisilo lako. Kwa hiyo wewe uliyetoka KKKT, karatasi yako kubwa ni cheti cha ubatizo kutoka usharika wako. Kitafute kabla hujahama, kisirudi kukusumbua ukiwa mbali. Kuna na waliobatizwa "kwa jina la Yesu" peke yake bila kutaja Utatu, hao ubatizo wao Kanisa halihesabu, watafuata njia ya wakatekumeni. Usione aibu kueleza maneno yaliyotumika siku ile, mwambie padre kila kitu.

Na kuna kundi la tatu ambalo watu hawalifikirii. Kwenye darasa letu alikuwepo mzee mmoja wa makamo, fundi seremala, mtaratibu sana. Alisoma na sisi miezi mingi tu kama mkatekumeni, mpaka siku aliposafiri kwenda kwao msibani, shangazi yake akamwambia we si ulibatizwa ukiwa mchanga, ulikuwa unaumwa karibu kufa, sista wa zahanati akakumwagia maji. Ikabidi itafutwe, na ikapatikana imeandikwa kwenye kitabu cha parokia ya kule. Yani muda wote huo alikuwa Mkatoliki na hajui. Ubatizo wa hatari ya kufa ni ubatizo kamili, anaweza kuutoa mtu yeyote mwenye nia sahihi, na haurudiwi. Kwa hiyo kabla hujaanza, uliza wazee nyumbani.

Sasa turudi kwa mkatekumeni anayehama, maana yeye ndo anaumia zaidi.

Mafundisho kwetu tunayaona kama shule, una darasa, una daftari, una mtihani wa maswali na majibu mwishoni, basi ukihama tunadhani ni kama mtoto amehamishwa shule na shule mpya inaweza kumrudisha darasa. Ila Kanisa halikuupanga ukatekumeni hivyo. Mtaguso wa Pili wa Vatikano uliurudisha ukatekumeni wa hatua kwa hatua kama wa Wakristo wa kwanza, na kitabu cha ibada zake kikatoka mwaka 1972. (Kwa Afrika haukuwa mgeni sana, Wamisionari wa Afrika, shirika lililoanzishwa na Kardinali Lavigerie, walikuwa wakiwaandaa watu miaka minne kabla ya kuwabatiza, na hiyo ni karne ya 19.) Hatua zenyewe ni ibada, si madarasa. Kuna kipindi cha mwanzo cha kuulizauliza na kusikiliza, hapo hujafungwa na chochote. Afu inakuja ibada ya kupokelewa kuwa mkatekumeni, pale unaposimama mlangoni mwa kanisa, unaulizwa unaomba nini, unachorwa ishara ya msalaba kwenye paji la uso. Siku hiyo jina lako linaandikwa kwenye kitabu. Sheria za Kanisa za mwaka 1983, kanuni ya 788, zinasema hivyo wazi, kwamba wanapokelewa kwa ibada na majina yao yaandikwe.

Na tangu siku hiyo wewe ni wa Kanisa. Kanisa lote. Hujawa wa parokia ya fulani. Hata ukifariki kabla ya kubatizwa, unazikwa kama Mkristo, kanuni ya 1183 inawahesabu wakatekumeni pamoja na waamini kwenye mazishi. Mimi nilipolisikia hili mara ya kwanza nilitulia kimya, maana nyumbani kwetu hakuna aliyebatizwa, na nilikuwa najiona kama mtu aliyesimama nje ya uzio anachungulia.

Kwa hiyo jibu la swali la dada ni hapana, haanzi upya. Aliyepokelewa kuwa mkatekumeni hapokelewi mara ya pili kwa sababu amehamia Chanika. Anaendelea pale alipofikia.

Ila sasa niseme na upande wa pili ili nisimwonee mtu. Paroko wa kule unakohamia anayo haki, tena wajibu, wa kujiridhisha kwamba uko tayari. Hakujui. Hajui kama ulikuwa unahudhuria au ulikuwa unatokea siku ya picha tu. Akisema kaa kwanza tuonane miezi miwili mitatu, hapo hajakurudisha mwanzo, anatimiza kazi yake. Na kama ulihama ukapotea nusu mwaka bila kusali popote, kuongezewa muda ni halali kabisa. Kuendelea kufundishwa na kufutiwa hatua ni vitu viwili tofauti, na ndicho kitu ambacho hata baadhi ya makatekista wetu wanakichanganya.

Kwangu ilikuwa hivi. Nilikuwa na miaka 31, nimesoma miezi 14, nimeshapokelewa, nikahama mwezi Januari. Mabasi mawili na bajaji kutoka nilikokuwa. Nikaenda parokia mpya Jumanne baada ya kazi, nikaeleza. Niliyemkuta ofisini akaniuliza barua iko wapi, sina. Kadi ya jumuiya, sina. Jina la msimamizi, yaani Mkatoliki anayenisindikiza kwenye safari hii, nikalitaja, akasema hatumjui. Akavuta daftari la wanaoanza, akaniandika mstari wa chini kabisa, akasema hapa tuna utaratibu wetu, utaanza na hawa wapya. Nikatoka. Jumapili tatu sikwenda kanisani popote, nalala tu mpaka saa 4, moyo mzito. Na kosa la barua lilikuwa langu, hilo nalikubali. Kilichoniokoa ni msimamizi wangu, alinipigia akaniambia we njoo huku tuonane na Baba Paroko. Tukaenda. Paroko alinisikiliza mpaka mwisho, afu akafungua kile kitabu akanionyesha jina langu na tarehe, akasema hii haifutwi na mtu. Akakaa akaandika barua kwa mkono wake, mistari kama sita, akapiga mhuri.

Hiyo barua ndo nataka kila anayehama awe nayo. Iwe na jina lako kamili, tarehe uliyoanza, tarehe na mahali ulipopokelewa kuwa mkatekumeni, umefikia wapi kwenye mafundisho, jina la msimamizi, na kama una jambo la ndoa linaloendelea kushughulikiwa litajwe. Saini ya paroko na mhuri. Ipige picha kwenye simu kabla hujaikabidhi, na uache fotokopi nyumbani.

Ila barua ya paroko peke yake kwa hapa kwetu haitoshi, na hapa watu waliosoma mambo haya mtandaoni kutoka nchi nyingine wanashangaa. Mlango halisi ni jumuiya. Tangu maaskofu wa Afrika Mashariki wakutane Nairobi mwaka 1976 na kulitilia mkazo suala la kujenga jumuiya ndogo ndogo za Kikristo, Tanzania imezishika kwelikweli, na kwa Dar huwezi kubatizwa, kufunga ndoa wala kuzikwa bila swali la kwanza kuwa "unasali jumuiya gani?" Kwa hiyo unapohama unahitaji barua ya viongozi wa jumuiya unayotoka, na unahitaji kuonekana kwenye jumuiya unayoingia. Na kuonekana ni kuonekana kweli. Jumamosi saa 12:30 asubuhi uko uani kwa mtu usiyemjua, viti vya plastiki na mkeka, watoto wamejifunika kanga bado wana usingizi, inasomwa Injili ya kesho yake, kila mtu anasema neno lililomgusa, afu mwenyekiti anasema tuna mgeni, ajitambulishe. Unasimama. Katibu anakuandika kwenye kaunta buku, jina na namba ya simu na unakaa nyumba ya nani. Unaweza kuona ni kitu kidogo, ila wale watu ishirini ndo watakaosema mbele ya paroko "huyu tunamfahamu," na hakuna karatasi inayofanya hiyo kazi.

Watu wananiuliza sasa mimi nasali Mtakatifu Yosefu mjini kwa sababu ndo karibu na ofisi, au nasali Mtakatifu Petro Oysterbay, si niendelee huko huko? Kusali Misa sali popote, hakuna anayekukataza. Ila paroko wako kisheria ni wa pale unapolala. Sheria inasema ukikaa mahali kwa nia ya kukaa moja kwa moja, hapo ni makazi yako tangu siku ya kwanza, au ukimaliza miaka mitano hata kama hukuwa na nia. Na kuna makazi ya muda, unayapata ukikusudia kukaa miezi mitatu au ukiwa umeshaikaa. Kodi ya miezi sita inatosha kabisa. Ukishaingiza kitanda Chanika, una parokia Chanika.

Afu mipaka yenyewe inahama. Kigango, yaani tawi la parokia, kinakua, kinapandishwa kuwa parokia, na wewe hujatoa hata godoro nje umejikuta una paroko mwingine na ofisi nyingine. Mwaka 2025 limezaliwa hata jimbo zima, Jimbo la Bagamoyo, likimegwa kutoka Jimbo Kuu la Dar es Salaam na Jimbo la Morogoro, na walioko upande huo wakabadilishiwa askofu wakiwa wamekaa kwao. Wakati kama huo uliza mapema vitabu vya wakatekumeni viko ofisi ipi, ya zamani au mpya.

Sasa kama unahama ndani ya Kwaresima au karibu yake, sikiliza. Jumapili ya kwanza ya Kwaresima ni ya uteuzi, mnaandikwa majina kama wateule watakaobatizwa Pasaka hiyo. Jumapili ya tatu, ya nne na ya tano kuna sala za kuwatakasa na kuwaimarisha wateule, katikati mnakabidhiwa Kanuni ya Imani na Baba Yetu, afu Mkesha wa Pasaka. Kipindi hiki ni kamba moja. Ushauri wangu, kama unaweza kabisa, usikikate. Malizia ulikoanza, hata kama ni nauli. Kwa kawaida mtu mzima anabatizwa parokia yake mwenyewe, ila sheria inaruhusu kwingine kukiwa na sababu ya haki, na hii ni sababu ya haki, waombe tu maparoko wote wawili wajue. Ndivyo nilivyofanya mimi, kila wikiendi nilirudi kule kwa daladala, nikabatizwa usiku wa Mkesha, na usiku huo huo nikapakwa krisma ya Kipaimara. Wengine wanadhani lazima usubiri askofu aje, hapana, padre anayembatiza mtu mzima anayo mamlaka kisheria ya kumpa Kipaimara papo hapo. Hiyo inasaidia sana anayehama, maana usipokamilishiwa usiku ule unaanza kukimbizana na ratiba ya Kipaimara kwenye parokia ngeni.

Msimamizi naye anawatia watu hofu. Nimehama, msimamizi wangu kabaki, itakuwaje? Hahitaji kuwa parokia moja na wewe. Anatakiwa awe Mkatoliki aliyetimiza miaka 16, amepata Kipaimara na Ekaristi, anaishi imani yake, na asiwe mzazi wako. Akiwa mbali na hawezi kukufuatilia, unaweza kuomba mwingine huku ulikohamia akutembeze kwenye safari iliyobaki. Wangu nilimng'ang'ania, ila yeye alikuwa mtu wa kupiga simu kila Ijumaa.

Ndoa nitaigusa kwa ufupi kwa sababu kila kesi ina mambo yake. Kama una mke au mume, mmeoana kimila, kiislamu au bomani, au mmoja wenu aliwahi kuoa kabla, sema siku ya kwanza, tena kwa paroko mwenyewe. Mambo haya mengine yanahitaji kibali cha askofu, faili linafunguliwa, na faili halihami na godoro. Nimeona watu wawili ambao mafundisho yalienda vizuri kabisa parokia mpya, wakakwama wiki mbili kabla ya Pasaka kwa sababu faili la ndoa lilibaki kwenye kabati la parokia ya zamani na hakuna aliyelitaja.

Nilimweleza dada yote haya kwenye simu, nikamwambia na kitu kingine ambacho kilinitoka tu. Ukipanda gari la Chanika unapita Pugu. Pale ndipo Wabenediktini, watawa wa shirika la Mtakatifu Benedikto, walipoanzisha misheni mwaka 1888, na Januari 1889 ikashambuliwa, wengine wakauawa. Waliobaki kazi yao ikahamia Dar es Salaam, na kati ya mwaka 1897 na 1902 likajengwa kanisa la Mtakatifu Yosefu tunaloliona pale karibu na feri. Kanisa la jiji hili nalo lilihama. Akacheka kidogo, nikaona afadhali.

Alhamisi tukaenda ofisini pamoja. Katekista wetu hakuwa na shida hata kidogo, alimuuliza tu kama ameshaongea na jumuiya, akaandika barua, Baba Paroko akasaini baada ya Misa ya jioni. Katibu wa jumuiya akatafuta kwa watu wake namba ya mwenyekiti wa jumuiya moja kule Chanika, dada akapiga hapo hapo tukiwa tumesimama chini ya mwembe. Sauti ya mama mmoja ikaitikia "Milele amina," ikamuuliza nyumba yako iko karibu na nini, akasema karibu na mashine ya kusaga. Yule mama akasema basi Jumamosi hii tuko jirani na hapo, nitamtuma mtoto akuchukue.

Kitu cha mwisho ambacho nilikuja kukielewa baadaye sana ni kile kitabu cha ubatizo. Ukishabatizwa, parokia iliyokubatiza inabaki na kumbukumbu yako maisha yako yote, hata uhame mara kumi. Ukifunga ndoa kwingine, taarifa inarudishwa kule, inaandikwa pembeni mwa jina lako. Mwaka jana nilihitaji cheti kipya, nikarudi parokia ya kwanza. Mtu wa ofisini alikuwa mgeni, hanijui, nikamtajia mwaka na usiku wa Mkesha. Akafungua kitabu kile kikubwa, akashuka na kidole taratibu mpaka akafika kwenye jina langu. Pembeni yake, kwa wino mwingine na mwandiko mwingine, kulikuwa na jina la mke wangu na tarehe ya ndoa yetu, iliyotumwa kutoka parokia ile ile ambayo waliniandika mstari wa chini na wanaoanza.